Umemeza Nini Wiki Iliyopita?

Jioni ya leo nina kidonge kimoja cha kuzungumzia. Ni cheupe, kina mstari katikati, na kama umekulia upande huu wa dunia basi umeshakimeza, au umeshampa mwanao dawa hiyohiyo ya maji huku umembana mikono asiiteme. Kwenye vitabu kinaitwa kotrimoksazoli. Dukani hakuna anayelitamka neno hilo. Unasema Septrin, muuzaji anafungua kopo, mambo yamekwisha. Marekani wanaijua zaidi kwa jina la Bactrim, lakini ni dawa ileile: salfa na mwenzake trimethoprimu, wamebanwa pamoja.

Mwaka 2019 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha taarifa iliyoandikwa na madaktari wa hospitali ya watoto ya Children's Mercy, mjini Kansas City, pamoja na wenzao. Miongoni mwao walikuwa Jenna Miller, daktari wa watoto mahututi, na Jennifer Goldman, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Walieleza habari za vijana watano. Watano, si mia tano. Vijana hao walikuwa na afya zao, wa kwenda shule na kucheza mpira, na walipewa Septrin kwa mambo ambayo kijana yeyote huyapata: chunusi, au maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI. Wakaimeza kama walivyoelekezwa. Kisha kifua kikaanza kusumbua. Kikohozi, pumzi fupi, na muda si muda mtoto hawezi kumaliza sentensi bila kusimama kuvuta hewa. Wakaishia chumba cha mahututi, kwenye mashine ya kupumulia, na mashine hiyo iliposhindwa kutosha, waliozidiwa wakaunganishwa na nyingine inayoitwa ECMO, inayoitoa damu nje ya mwili, kuitia oksijeni na kuirudisha, maana mapafu yenyewe yalikuwa hayafanyi kazi tena. Katika visa vya namna hii vilivyojulikana wapo waliokufa, na wapo waliolazimika kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine.

Kwa chunusi, msikilizaji.

Sasa kabla sijasogea hata hatua moja, nina neno kwa wale wanaomeza Septrin kila siku kwa sababu wanaishi na virusi vya ukimwi. Usizime redio, na usiitupe dawa. Nitakurudia kwa kirefu, lakini lijue hili kwanza: kwako wewe dawa hii ni ngao, na hesabu ya faida na hasara yako si sawa na ya kijana mwenye chunusi.

Turudi Kansas City. Kilichowashangaza madaktari wale ni kwamba walitafuta chanzo wasikipate. Mapafu yakiwa meupe kwenye picha ya eksirei, daktari anawaza nimonia. Wakapima bakteria, hakuna. Wakapima virusi, hakuna. Fangasi, hakuna. Maradhi ya kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, nayo hayakuonekana. Walipochukua kipande kidogo cha pafu na kukitazama kwenye hadubini, wakaona jeraha la aina ambayo hawakuizoea. Ndani ya pafu kuna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kila kifuko kimetandikwa utando wa chembe nyembamba mno, ili oksijeni ipenye na kuingia kwenye damu. Utando huo ukiumia, kwa kawaida mwili huanza kuutandika upya baada ya siku chache. Kwa vijana wale haukutandikwa. Wiki zilipita, vifuko vikabaki wazi kama kidonda kisichoota ngozi. Ndiyo maana walikaa kwenye mashine muda mrefu kuliko mgonjwa wa nimonia ya kawaida, na ndiyo maana wengine hawakutoka.

Kitu kimoja tu kiliwaunganisha watoto hao: wote walikuwa wakitumia kidonge kilekile.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu jambo hili halikugunduliwa na mashine. Hakuna kipimo cha damu kinachotoa karatasi imeandikwa "hii ni Septrin". Liligunduliwa kwa sababu kulikuwa na rekodi inayosema kijana huyu aliandikiwa dawa gani, tarehe ngapi, kwa siku ngapi, na kulikuwa na watu waliokaa chini wakazisoma rekodi hizo pamoja. Baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani ilihakikisha onyo linaandikwa kwenye maelezo rasmi ya dawa: kwamba inaweza, kwa nadra, kuharibu mapafu kiasi cha kuhitaji ECMO au kupandikizwa. Dawa hii ilikuwa sokoni tangu mwisho wa miaka ya 1960. Nusu karne imemezwa duniani kote, na hilo la mapafu kufa kabisa limekuja kuandikwa juzi. Siamini kwamba lilianza juzi. Ninaamini lilikuwa likiitwa nimonia.

Kuna kisa kingine cha vijana watano ambacho huwa kinanijia nikiwaza haya. Tarehe 5 Juni 1981, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa fupi kuhusu vijana watano wa kiume wa Los Angeles waliopata nimonia ya ajabu, ya kijidudu kinachoitwa Pneumocystis, ambacho mtu mwenye kinga nzima hakimsumbui. Tunajua sasa kwamba ile ndiyo ilikuwa taarifa ya kwanza ya ukimwi. Na kabla ya taarifa hiyo, kule Atlanta, katika kituo hichohicho, kulikuwa na mama mmoja, Sandra Ford, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea maombi ya dawa adimu na kuzituma. Yeye si daktari. Aliona tu kwamba maombi ya dawa moja, pentamidini, yanakuja mengi kuliko kawaida, tena kwa vijana, na akauliza kwa nini. Mtu wa stoo ya dawa, anayeangalia daftari lake.

Na sasa sikiliza kinaya. Dawa kuu ya kutibu nimonia ile ya Pneumocystis, wakati ule na mpaka leo, ni Septrin. Kidonge kilichoharibu mapafu ya watoto wachache wa Marekani ndicho kimeokoa mapafu ya watu wasiohesabika, wengi wao hapa kwetu. Lusaka, katika hospitali kuu ya chuo kikuu, watafiti waliwagawa watoto zaidi ya 500 wenye virusi vya ukimwi katika makundi mawili, wengine Septrin kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Hiyo ni miaka ambayo ARV zilikuwa bado ni ndoto kwa mtoto wa Zambia. Matokeo yalitoka mwaka 2004 katika jarida la Lancet: waliopewa Septrin vifo vyao vilipungua kwa asilimia 43. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Basi mama unayempa mwanao Septrin ya kliniki, au kaka unayeimeza pamoja na ARV zako, endelea. Tena maudhi makali ya dawa hii, yakitokea, mara nyingi hutokea katika wiki za mwanzo. Aliyeimeza mwaka mzima bila shida hana sababu ya kukesha usiku kwa maneno yangu.

Wanaobaki ni wale wengine, na hapa kwetu ni wengi. Wale wanaoimeza kwa mafua. Kwa kuharisha. Kwa koo. Kwa UTI ambayo haikupimwa, kwa sababu siku hizi kila mchoko wa kijana ni UTI.

Nieleze kidogo kwa nini dawa ilionekana salama kiasi hicho. Bakteria hawezi kula vitamini inayoitwa foleti, lazima ajitengenezee mwenyewe. Sisi binadamu hatujitengenezei, tunaipata kwenye mchicha, maharage na maini. Salfa inamvuruga bakteria katika hatua moja ya kutengeneza foleti, trimethoprimu inamvuruga katika hatua inayofuata. Kwa hiyo dawa inagonga mahali ambapo bakteria anaumia na sisi hatuumii. Akili kubwa hiyo. Trimethoprimu ilitoka katika kazi ya maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, nao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Walichangia tuzo hiyo na Mskoti, James Black, aliyetengeneza propranololi, dawa ya moyo. Shikilia jina hilo la propranololi, tutalikuta mbele.

Lakini mwili hausomi vitabu. Madhara tunayoyazungumza hayatokani na foleti. Yanatokana na mwili wa mtu mmoja mmoja kuiona dawa, au masalia yake baada ya kupita kwenye ini, kuwa adui. Kwa wengine hasira hiyo inatokea kwenye ngozi, na hilo wengi tunalijua: vipele, midomo kuchubuka, macho mekundu, ngozi kubabuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Wazee wangu wa Tanzania mnakumbuka mwaka 2001 serikali ilipoacha klorokwini na kuleta SP kwa malaria, jinsi watu walivyoogopa kubabuka. SP nayo ni salfa. Kwa wengine wachache sana hasira inaangukia mapafu. Madaktari wa Kansas City na wenzao walitafuta kwenye vinasaba wakakuta kwamba wagonjwa wao wengi walikuwa na aina fulani za jeni za kinga, zilizo za kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kuwa na jeni hizo si hukumu. Wengi wanazo, wanameza Septrin, wanapona, wanasahau.

Na Septrin haiko peke yake. Upo msafara mzima. Mfaransa mmoja, Philippe Camus wa mji wa Dijon, amefanya kazi ya maisha yake kukusanya dawa zinazoweza kuumiza mapafu, na orodha yake ina mamia. Mamia! Nyingi ni dawa za saratani na za moyo ambazo kijana hatakutana nazo. Ila chache ziko kwenye rafu ya duka la mtaani kwako.

Nitrofurantoini, kwa mfano, ambayo kwetu inatolewa sana kwa UTI, hata kwa wajawazito. Ni dawa nzuri. Lakini kuna watu ambao baada ya siku kadhaa za kuimeza wanapata homa, kikohozi na kubanwa pumzi, na ukiitazama kwa haraka unasema huyu ana malaria na nimonia kwa pamoja. Wakiacha dawa, wengi wanapata nafuu upesi. Wakirudia dawa mwaka unaofuata, ugonjwa unaweza kurudi ndani ya saa chache, na mkali zaidi. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wake juu ya hili, na hiyo ni dawa iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Ndiyo maana nasema haya mambo yanasahaulika, yanakumbukwa, yanasahaulika tena.

Kisha kuna zile zinazobana njia ya hewa badala ya kuunguza pafu. Hizi ndizo ninazoziogopa zaidi kwa vijana wetu, kwa sababu si nadra kama ile ya Kansas City. Takriban watu 7 katika kila watu wazima 100 wenye pumu hawaivumilii asprini, na mtu wa namna hiyo kwa kawaida haivumilii diklofenaki wala ibuprofeni pia. Anameza kwa maumivu ya hedhi au ya goti, na ndani ya saa moja au mbili kifua kinalia kama filimbi. Na ile propranololi ya James Black: inatuliza moyo unaokwenda mbio, kwa hiyo vijana wanaambiana, ukiwa na usaili wa kazi au unaimba jukwaani, meza kidogo mikono isitetemeke. Kweli inafanya kazi hiyo. Lakini mlango uleule inaoufunga moyoni, inaufunga na kwenye mirija ya hewa, na dawa ya kuvuta ya mwenye pumu inapita kwenye mlango huohuo. Mwenye pumu akiimeza anaweza kubanwa kifua, avute ile dawa yake ya bluu, na isimsaidie inavyopaswa. Rafiki aliyempa hakumtakia mabaya. Hakumuuliza tu kama ana pumu.

Basi tufikirie binti wa miaka 17 anafika hospitali ya wilaya hapa kwetu usiku, amebebwa, anahema. Mapafu meupe kwenye picha. Daktari wa zamu ni mzuri, tuseme hivyo, na anauliza swali sahihi: umeshatumia dawa gani? Binti anajibu, au mama yake anajibu kwa niaba yake: Panadol na dawa ya kikohozi. Amejibu kweli kabisa. Kwa sababu swali kalielewa kama sisi sote tunavyolielewa: dawa gani kwa ugonjwa huu uliokuleta. Septrin aliyoanza wiki mbili zilizopita ilikuwa ya ugonjwa mwingine, umepita, hauhusiani. Na kama ilikuwa ya UTI, basi hata akikumbuka hatasema mbele ya shangazi yake, maana mtaani kwetu binti akisema UTI watu wanahesabu vidole na kutafuta mvulana. Vivyo hivyo kijana wa kiume aliyepewa vidonge kwa ajili ya muwasho huko chini. Atakohoa mpaka asubuhi na hatalitaja.

Kwa hiyo ninyi wauguzi na matabibu mnaonisikiliza mkiwa zamu, nawaomba ndugu watoke nje kidogo, halafu swali liulizwe kwa upana: tangu mwezi jana, umemeza kidonge gani, kwa shida yoyote ile, hata kama shida imeisha? Cha chunusi? Cha mkojo? Cha kupunguza uzito? Cha kupewa na rafiki? Mitishamba je?

Halafu tuseme binti anakumbuka. Anasema ndiyo, nilipewa vidonge. Vipi? Vyeupe. Na hapa tunagonga ukuta ambao daktari wa Kansas City hana. Yeye anafungua kompyuta. Wetu anaoneshwa bahasha ndogo ya kaki au kifuko cha nailoni, na juu yake kumeandikwa 2x2. Mbili mara mbili. Basi. Jina la dawa hakuna, miligramu hakuna, tarehe hakuna, duka hakuna. Vidonge vilitoka kwenye kopo la vidonge elfu moja, vikahesabiwa kwa kisu kwenye sahani, vikamiminwa. Cheupe chenye mstari kinaweza kuwa Septrin, kinaweza kuwa Panadol, kinaweza kuwa Flagyl iliyotoka kiwanda kingine. Na zile kapsuli kila mtu anaziita rangi mbili, na kuna dawa chungu nzima zenye rangi mbili.

Nimekaa na wauzaji wa dawa, ninawaheshimu. Tanzania ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili mtu wa kijijini apate dawa ya kweli kwa mtu aliyefundishwa, na Septrin imo kwenye orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza. Sisemi iondolewe. Kijiji kisicho na zahanati karibu kinahitaji duka lile. Ninasema tu kwamba bahasha isiyo na jina ni kosa kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, na gharama yake haionekani dukani. Inaonekana wodini, na hata huko haionekani, kwa sababu kwenye faili litaandikwa neno nimonia.

Na kuna ubaya wa pili unaofuata wa kwanza. Binti anakohoa kwa sababu ya Septrin, hajui, anarudi dukani na kusema nina kikohozi. Kwa kikohozi, maduka mengi yanatoa nini?

Mnaweza kuniambia: wewe unazungumzia mtu mmoja katika laki nyingi, sisi tuna kifua kikuu, tuna malaria. Sawa kabisa. Kijana anayekohoa wiki mbili apimwe TB kwanza, sitaki mtu aache kupima makohozi kwa sababu ya kipindi hiki. Lakini hoja ya uchache naijibu kwa kisa cha Nairobi. Zamani kwenye dozi za kifua kikuu kulikuwa na dawa ya bei rahisi sana, thiasetazoni. Ilitumika Afrika Mashariki yote, na ilionekana haina neno. Ukimwi ulipoingia, watafiti wa Nairobi walikaa wakahesabu, na mwaka 1991 wakachapisha: kati ya wagonjwa wa TB wasio na virusi, aliyebabuka ngozi kwa thiasetazoni ni mmoja katika mia. Kati ya wenye virusi, ni mmoja katika watano, na baadhi yao walikufa. Ilikuwa dawa ileile na nchi ileile, na hospitali zimejaa wagonjwa. Jambo lilikuwa wazi mbele ya macho, lakini mpaka mtu alipoandika jina la dawa upande huu na kilichomtokea mgonjwa upande ule, watu walikuwa wakibabuka na kuambiwa ni ugonjwa wao unaendelea. Nchi zikaanza kuiacha. Uchache, mara nyingine, ni kutokuhesabu.

Kuhesabu huko ndiyo kazi ya ile fomu ya njano, ambayo Tanzania inakusanywa na mamlaka ya dawa, TMDA, na Kenya inakusanywa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mhudumu wa afya akishuku tu kwamba dawa imemdhuru mtu, anaijaza. Hatakiwi kuwa na ushahidi wa mahakamani, shaka inatosha. Taarifa zinaunganishwa na za nchi nyingine katika kituo kilichoko Uppsala, Sweden. Tanzania imo kwenye mtandao huo wa dunia tangu mwaka 1993, Kenya tangu 2010. Lakini fomu ina mstari wa jina la dawa, na "kidonge cheupe" hakiingii kwenye mstari huo.

Sasa la kufanya, na nitalisema polepole ili anayeandika aandike. Ukiwa umeanza dawa mpya, yoyote, ndani ya wiki hizi chache, na ukaanza kukohoa kikohozi kikavu usichokuwa nacho, au ngazi ulizokuwa unapanda bila kufikiri zinakusimamisha katikati, hasa kukiwa na homa au vipele, usisubiri dozi iishe. Tumezoea kuambiana maliza dozi, na ni ushauri mzuri, lakini haukutungwa kwa ajili ya mtu anayebanwa pumzi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kabla ya kumeza kidonge kinachofuata, nenda na dawa yenyewe mkononi, na useme bila kuulizwa: nilianza hii tarehe fulani. Ukifika waombe wakupime oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, ni jambo la dakika moja. Kama uko kwenye ARV, hizo usiziache kwa uamuzi wako. Nenda kliniki yako siku hiyo, Septrin ikibidi kuachwa wana dawa ya kuweka mahali pake. Na mama mjamzito unayetumia Septrin ya kliniki, ukifika siku ya kupewa SP, waambie, kwa sababu hizo mbili hazitakiwi kwenda pamoja.

Aliyewahi kubabuka, kuvimba midomo au kubanwa kifua kwa dawa yenye salfa aandike kwenye kadi yake ya kliniki na ndugu zake wajue, kwa sababu siku atakapozimia hataweza kulisema mwenyewe.

Muuzaji wa duka ataniambia foleni ni ndefu, hana muda wa kuandika insha kwenye bahasha. Hakuna insha. "Septrin 480, 2x2, siku 5", na tarehe. Unaandika huku mteja anatafuta chenji. Na wewe mteja, akikataa au kalamu imekauka, mwombe akugeuzie kopo upige picha. Vijana wangu, sahani ya chipsi mayai mnaipiga picha pande zote nne kabla hamjaigusa. Kopo lina upande mmoja tu wenye jina.